Tupeane uzoefu: Ni nini hasa kilikufanya uihame kampuni ya simu uliyoizoea?

Mwanzisha mada (Mbarali, Mbeya)

Wakuu, salaam. Kila simu mpya inapotangazwa tunabishana humu kuhusu kamera, prosesa na bei, lakini ni mara chache tunaulizana swali ambalo kwa maoni yangu lina faida zaidi kwa mnunuzi: wewe mwenyewe, kwa fedha yako, ni kitu gani kilikufanya uiache kampuni uliyoizoea kwa miaka na kumpelekea fedha hiyo mshindani wake? Sihitaji tangazo wala ushabiki. Nahitaji tukio lenyewe, na kama kuna siku unayoikumbuka, itaje. Naanza mimi.

Mwaka 2004 nilinunua Nokia 1100 pale Kariakoo. Wengi mnaikumbuka simu hii iliyotoka mwaka 2003, ikiwa na tochi kichwani na vibonye vilivyofunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na mimi sishangai hata kidogo, kwa sababu usiku wa kupakia mchele niliibana ile simu kwa meno, tochi ikimulika mbele, huku mikono yote miwili ikihesabu magunia. Chaji nilikuwa nailipia kwenye mashine ya kukoboa, na nikishaijaza sikuiwaza tena kwa siku nne au tano.

Tatizo langu halikuwa simu, bali watu niliofanya nao biashara. Wakulima wangu wa Ubaruku walikuwa mtandao mmoja, wateja wa Dar es Salaam walikuwa mtandao mwingine, na kupiga kutoka huku kwenda kule kulikula vocha kama moto unavyokula pumba. Nikawa na laini mbili na simu moja. Laini ya pili niliiviringisha ndani ya kadi ya vocha iliyokwisha kukwanguliwa, nikaipachika nyuma ya kitambulisho kwenye pochi. Nikitaka kuzungumza na Dar, nafungua mfuniko, nainua betri kwa ukucha, natoa laini ya kwanza, naingiza ya pili, narudisha betri na kusubiri simu iwake, halafu baada ya mazungumzo narudia kazi hiyo hiyo kinyumenyume. Jioni moja ya mwaka 2010, laini ya wakulima ikiwa ndiyo iliyo kwenye simu, mteja wangu mkubwa wa soko la Tandale alinipigia mara nne akitaka tani saba. Aliponikosa alimpigia mwenzangu. Nilizipata habari hizo kesho yake asubuhi, kwa mdomo wa huyo huyo mwenzangu, aliyekuja kuniazima turubai.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbeya mjini, nikarudi na Tecno ya laini mbili, zote zikiwa hewani kwa wakati mmoja. Jina hilo nilikuwa silijui. Muuzaji alinitahadharisha kwamba ni simu ya Mchina, nami nikamjibu kwamba hata ingekuwa ya majini ningeichukua, mradi laini zote mbili zinaita.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kampuni mama, Transsion ya Shenzhen, ilianzishwa mwaka 2006, na kwamba mwaka 2008 iliamua kuelekeza nguvu zake Afrika, wakati wakubwa wote walikuwa wakigombea wateja wa Ulaya na Marekani. Nokia nayo ilitangaza simu ya laini mbili, C1-00, mwaka 2010, lakini laini moja tu ndiyo iliyokaa hewani. Ukitaka ya pili unashikilia kibonye ili zibadilishane. Kwa mpakia mchele huko ni kukosa simu vilevile, tofauti ikiwa ni kwamba huchomoi betri. Kwa hiyo dai langu ni hili: aliyeshinda huku kwetu hakushinda kwa kutengeneza simu iliyo bora kuliko 1100, kwa sababu mpaka leo sijaona simu imara kama ile. Alishinda kwa kuchungulia pochi zetu na kuikuta ile laini ya pili. Karibuni.

Fundi wa Luthuli (Nairobi)

Ndugu mwanzisha mada, pole kwa zile tani saba. Nakubaliana nawe kuhusu laini mbili, na kwa Kenya naweza kuongeza sababu. Agosti 2010 kampuni ya Zain ilishusha gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na watu wakakimbilia laini ya pili bila kuitupa ya kwanza, kwa kuwa M-Pesa ya Safaricom ilikuwa imekwisha kuanza tangu Machi 2007 na hakuna aliyekuwa tayari kuiacha laini yenye pesa zake. Vita vile vya bei viliwatoa jasho wenye mitandao, lakini waliofaidika kimyakimya walikuwa wauza simu za laini mbili.

Hata hivyo, usilipe lori lako la mchele sifa ya kuiangusha Nokia. Mwishoni mwa 2007 kampuni hiyo ilikuwa ikiuza takriban asilimia 40 ya simu zote duniani. Mwaka huo huo iPhone iliingia sokoni, mwaka uliofuata ikaja simu ya kwanza ya Android, na Februari 2011 Nokia ikachagua mfumo wa Windows Phone badala ya Android, uamuzi ambao naukumbuka kwa sababu sisi mafundi tulianza kuletewa simu nzuri za kupendeza ambazo wenyewe walikuwa wakiuliza mbona hazina programu wanazoziona kwa wenzao. Septemba 2013 Microsoft ilikubali kuununua mkono wake wa simu, na Aprili 2014 biashara ikakamilika kwa zaidi ya yuro bilioni 5. Hayo yalitokea Espoo, makao ya Nokia kule Finland, na Redmond, makao ya Microsoft kule Marekani, si Ubaruku.

Sasa uzoefu wangu. Mimi nilihama kwa sababu ya kioo. Mwaka 2018 mama mmoja aliniletea simu ya bei kubwa, ya kampuni ambayo sitaitaja, iliyoangukia ngazi za matatu. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, si kwa skrubu, hivyo niliilaza kwenye sahani ya moto, nikasubiri gundi ilegee, nikapitisha kadi ya plastiki ukingoni taratibu kama mtu anayetenganisha chapati zilizogandana. Ikafunguka salama. Kioo chenyewe ndicho kilichokosekana Luthuli nzima, mtaa wetu wa maduka ya simu; kilitakiwa kuagizwa Dubai, wiki tatu, kwa bei iliyozidi nusu ya thamani ya simu. Siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana, nilikuwa nimekwisha kubadilisha vioo vinne vya Infinix na itel, ndugu wa Tecno chini ya Transsion, kwa kuwa vyote nilikuwa navyo kwenye droo.

Yule mama akaniuliza kwa upole, "Fundi, wewe unatumia gani?" Niliona haya kuitoa mfukoni, kwa maana ilikuwa ndugu wa ile ile yake. Jumamosi nikaiuza. Ninapomshauri mtu siku hizi simtajii kamera kwanza. Namwambia apite kwa mafundi watatu wa mtaani kwake awaulize bei ya kioo cha simu anayoitaka. Wakikuna kichwa, aiache.

Nyongeza ndogo kwa wapenzi wa 1100: betri yake, BL-5C, imeishi kuliko yenyewe. Ndiyo hiyo inayowasha redio ndogo za sokoni mpaka leo na vitochi kadhaa, yaani simu ndogo za vibonye, vya makampuni mengine. Mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za aina hiyo zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita, kwa kuwa baadhi zingeweza kupata joto kali zikichajiwa, na bado mtindo wake haukufa. Sababu ni ule ule ukucha uliousema, ndugu yangu. Kitu ambacho mtu anaweza kukitoa na kukirudisha mwenyewe hakihitaji fundi, na mimi fundi ndiye ninayesema hivyo.

Bi Likoni (Mombasa)

Ahsanteni. Yangu si ya biashara, ni ya arusi. Dada yangu aliolewa usiku, uani, taa moja kubwa imening'inizwa juu ya kiti cha bibi arusi na sote wengine tumekaa kizani kidogo. Nilipiga picha zaidi ya mia kwa simu niliyokuwa nayo, ya kampuni yenye jina kubwa. Kesho yake tulipokaa kuzitazama, nguo nyeupe ilionekana hadi uzi wa tarizi, dhahabu ikang'aa, ila nyuso zetu zilikuwa giza tupu. Nyanya alichukua simu, akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Na mimi nimekaa wapi?" Alikuwa katikati ya picha.

Binamu yangu alikuwa na Tecno iliyogharimu kiasi cha thuluthi ya yangu, na kwake Nyanya alionekana vizuri, mpaka hina ya vidoleni. Nilidhani ni bahati, mpaka nilipoelezwa kwamba kamera hupima wastani wa mwanga wa picha nzima. Ikiona nguo nyeupe na taa kali hupunguza mwanga, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Transsion ilizipanga kamera zake kwa kuzingatia ngozi zetu, jambo ambalo halihitaji uchawi, linahitaji tu mtu aliyeona kwamba nasi tunaoa na kuolewa. Nikahama mwezi ule ule.

Lakini nisiwe mnafiki. Simu niliyoinunua miaka michache baadaye, na hii pia siitaji ni ya nani, ilikuja imejaa programu nisizoziomba, na matangazo yalikuwa yakijitokeza hata ninapotazama saa ya kufuturu. Rahisi ina malipo yake ya pembeni. Kwa hivyo mimi si mfuasi wa kampuni yoyote. Kila nikinunua, naingia dukani, namwomba muuzaji asimame pembeni penye kivuli, nampiga picha mbili, ndipo tunazungumza bei.

Mwanzisha mada

Bi Likoni, swali la Nyanya limenikaa rohoni. Fundi, nimekubali kwamba lori langu halikufika Espoo. Nasema tu kwamba kampuni ilivyoanguka kule na ilivyotukosa sisi huku ni mambo mawili, na mimi naliulizia hili la pili. Tuendelee.

Mkazi wa Tanga

Mimi sikuhama kwa hiari. Nilihamishwa na Serikali usiku mmoja. Mwaka 2015 nilinunua simu iliyofanana kila kitu na Samsung ya toleo la juu: boksi, kava, hata harufu ya upya. Muuzaji alisema imepita njia ya mkato bandarini ndiyo maana ni nafuu, nami kwa ujanja wangu nikaona nimempata mjinga. Kumbe mjinga alikuwa anatafutwa na amepatikana.

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipotangaza kwamba simu bandia zitazimwa, tuliambiwa tubonyeze *#06#, tupate namba ya utambulisho ya tarakimu 15, kisha tuitume kwenda 15090. Jibu lililorudi kwangu lilitaja simu ya aina nyingine kabisa, ndogo, ya vibonye. Nilituma tena nikidhani nimekosea tarakimu. Likarudi lile lile. Hata hivyo nilijipa moyo kwamba ni vitisho tu, mpaka usiku wa Juni 16, 2016 ulipopita na asubuhi nikaamka na simu inayopiga picha na kucheza muziki lakini haina mtandao hata kidogo. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kuonja hayo mwishoni mwa Septemba 2012, ila nani hujifunza kwa jirani?

Siku hiyo nilikopa fedha kazini nikanunua itel ya vibonye, halisi, ikiwa na waranti. Mwaka uliofuata nikapanda hadi simu ya kupangusa ya kampuni hiyo hiyo inayotengeneza itel. Kwa mtazamo wangu, uzimaji ule uliwasaidia sana watengenezaji wa simu halali za bei ya chini, kwa kuwa mtu aliyekuwa akinunua jina kubwa bandia kwa laki moja alijikuta akilinganisha laki ile ile na simu ndogo ya kweli. Ushindani wao mkubwa ulikuwa na wale waliokuwa wakichapa nembo za wakubwa, zaidi hata ya wakubwa wenyewe. Sijaona watu wakilizungumza hilo vya kutosha.

Mzee wa Kilosa

Mimi sijahama. Nina kitochi, nabonyeza *150*00# ya M-Pesa, natuma ada ya mjukuu, nazima. Nimesoma yote mliyoandika kwa simu ya mjukuu huyo huyo, na sijaona lililonishawishi.

Mama Muscat (Oman)

Assalaam alaykum. Sisi wa Zanzibar tulioko huku tuna desturi ambayo kampuni za simu hazijaihesabu: simu haina mtumiaji mmoja. Mimi naitumia miaka miwili, kisha inakwenda kwa mdogo wangu Mwembetanga, akiichoka inakwenda kwa mwanawe. Kwa hivyo nikinunua simu, nanunua kwa niaba ya watu watatu.

Nilikuwa mtu wa iPhone kwa miaka mingi na sina la kuilaumu. Mwaka 2020 nilimpelekea mpwa wangu ile niliyokuwa nayo, kwa mkono wa msafiri, nikasahau kujitoa kwenye akaunti yangu. Kosa ni langu peke yangu. Alipoiwasha upya ilimtaka neno langu la siri, nami nilikuwa nimelibadilisha na kulisahau, na namba ya simu niliyoiandikisha ilikuwa ya zamani. Tulihangaika kwa ujumbe wa sauti siku kumi na moja. Yule mtoto akaniambia, "Mama mkubwa, nimeiweka juu ya kabati, inapendeza." Ulinzi ule umewekwa dhidi ya wezi na naukubali, maana simu isiyofunguka haina soko kwa mwizi; ila siku hiyo mwizi nilikuwa mimi.

Lililonihamisha hasa lilikuwa chaja. Oktoba ya mwaka huo huo Apple iliacha kuweka kichwa cha chaja ndani ya boksi, na waya wake bado ulikuwa wa aina yake pekee, wakati nyumbani kwetu Zanzibar kila waya uliokuwa ukining'inia ukutani ulikuwa wa simu za Android. Nikaona kila ninapotuma simu natuma na tatizo la waya. Nikahamia Samsung, nasi sote watatu tukawa tunatumia waya mmoja. Sasa hivi sababu yangu imekwisha nguvu: iPhone 15 ilikuja na tundu la USB-C mwaka 2023, na tangu Desemba 28, 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka simu mpya zote zinazouzwa kule ziwe na tundu hilo. Mwanangu ananiuliza kwa nini nisirudi. Namwambia nimekwisha kuzoea, na mazoea, kama mnavyoona katika mada hii, ni mtaji mkubwa kwa muuzaji.

Bodaboda wa Dodoma

Wakubwa zangu, shikamooni. Ninyi mmehama kwa laini, kioo, kamera na waya. Mimi nimehama kwa sababu ya mkopo, na naona vijana wengi wa rika langu ndivyo walivyo. Sikuchagua kampuni ya simu. Nilichagua mkopeshaji, naye alikuwa na aina mbili tu za simu dukani.

Nilitoa kianzio cha shilingi 60,000, na kila siku nikawa nalipa 1,500 kwa siku 365. Pigeni hesabu wenyewe: ni 607,500, kwa simu ambayo dukani jirani ilikuwa ikiuzwa 350,000 taslimu. Mahesabu hayo niliyajua tangu mwanzo na nikasaini, kwa sababu 350,000 ya mkupuo sikuwa nayo na sikuwa na dalili ya kuwa nayo, na bila simu ya kupangusa sipati abiria wanaoita bodaboda kwa programu. Kwa hiyo msinicheke.

Mwezi wa nne pikipiki iliharibika siku tatu. Siku ya nne nikaamka, kioo kikaandika kwamba simu imefungwa hadi nilipe, na hakuna kinachofunguka isipokuwa ukurasa wa malipo. Wateja wangu wa kila siku, mwalimu mmoja na wauguzi wawili, walikuwa na namba hiyo tu. Nililipa kwa kukopa kwa mwenzangu kijiweni, simu ikafunguka baada ya dakika chache, lakini mwalimu alikuwa amekwisha kupata bodaboda mwingine na mpaka leo anaye huyo. Nikisoma habari ya tani saba za mwanzisha mada naona ni habari yangu mimi, ila yake ilifungwa na betri na yangu imefungwa na deni.

Nimebakiza siku 22. Swali langu kwa Fundi: nikimaliza, ile programu ya kufunga inaondoka kweli, au inabaki humo ndani imelala?

Fundi wa Luthuli

Kijana wangu, marahaba. Nimeziona zilizoondoka na nimeziona zilizobaki. Programu hizo hazifutiki kwa kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, kwa kuwa simu ikiunganishwa tu na intaneti huulizia kama bado imeandikishwa kwa mkopeshaji, na ikijibiwa ndiyo hujifunga upya. Kwa hiyo usikimbilie kwa fundi, mimi nikiwemo. Siku ya malipo ya mwisho, dai ujumbe au barua inayosema deni limekwisha na simu imeondolewa kwenye orodha yao. Hifadhi picha na mawasiliano yako mahali pengine, irudishe simu kwenye hali ya kiwandani ukiwa bado umesimama hapo dukani kwao, iunganishe na intaneti, na utazame inavyowaka hadi mwisho. Ikiwaka kwa jina la mkopeshaji, usiondoke.

Mwanzisha mada

Bodaboda, siku ya 23 rudi utuambie iliwakaje. Na kama kuna mwanachama aliyekwisha kumaliza mkopo wa namna hii akahama mkopeshaji badala ya kuhama simu, aweke hapa hesabu yake kama kijana alivyoweka yake, kianzio, malipo ya siku na bei ya taslimu, tuzilinganishe.